Waraka ni Nusu ya Kuonana: Methali za Waswahili baina ya Mdomo na Kalamu

UTANGULIZI

Katika hazina ya lugha ya Kiswahili hakuna mali inayotajwa darasani mara nyingi kuliko methali, na pengine hakuna inayofundishwa kwa haraka kuliko hiyo. Mwalimu huandika ubaoni nusu ya kwanza, wanafunzi huitikia nusu ya pili, na somo likaisha. Katika makala haya tunakusudia kuuliza maswali mawili. Kwanza, methali, ambazo kwa asili ni maneno ya mdomo, ziliingiaje katika maandishi, na katika safari hiyo zilipata nini na kupoteza nini? Pili, wahenga waliotuachia maneno mengi juu ya tabia ya binadamu walisemaje juu ya kalamu na karatasi?

Maswali haya yawahusu wapenzi wote wa Kiswahili, lakini yatuhusu zaidi sisi tunaokifundisha nchini Uganda. Mtoto wa Lamu au wa Unguja aweza kuisikia methali jikoni kwa bibi yake kabla ya kuiona kitabuni. Mwanafunzi wetu wa Masaka, Gulu au Mbale aghalabu huiona kitabuni kwanza, na huenda asiisikie popote pengine. Kwake yeye maandishi ndiyo mlango wa pekee. Basi yafaa tuujue mlango huo: nani waliufungua, na ni kitu gani kilichobaki nje ulipofunguliwa. Tutaanza pwani, ambako methali hizo zilizaliwa, kisha tutazifuata mpaka kwetu bara.

KALAMU KATIKA MIJI YA PWANI

Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa walipofika wamisionari. Dhana hiyo si ya kweli. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa, Uhindi. Na Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyetoa methali barazani katika karne ya kumi na tisa hakuwa mtu asiyeijua kalamu. Mtaani kwake palikuwa na chuo cha Kurani, palikuwa na kadhi aliyeandika hati, na palikuwa na mfanyabiashara aliyeandika madeni ya watu.

Maneno yenyewe ya kazi ya uandishi yatusimulia habari hiyo. Kalamu, karatasi, daftari na waraka ni maneno yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu. Lakini vitenzi viwili vilivyo vikubwa, kuandika na kusoma, ni vya Kibantu. Kuandika, kwa maana yake ya zamani, ni kupanga vitu mahali pake. Ndiyo maana mpaka leo twasema kuandika meza, au kuandika chakula kwa ajili ya wageni. Vyombo vilikuja na wageni, lakini tendo lenyewe Waswahili walilipa jina lao. Kwao kuandika kulikuwa kama kumwandalia mtu: unampangia maneno mbele yake ili ale.

Hata hivyo, herufi za Kiarabu hazikushonwa kwa kipimo cha Kiswahili. Alama zake za irabu ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo penda na pinda, choma na chuma, yaliweza kuandikwa kwa irabu zile zile. Sauti za p, v, g na ch hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu cha asili, na mwandishi alilazimika kuazima herufi iliyo jirani. Baadaye wataalamu wa pwani waliongeza alama za kuondoa utata huo, lakini kwa muda mrefu msomaji alihitaji kuleta ujuzi wake mwenyewe kwenye karatasi.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwa habari yetu. Mtu aliyekwisha kuijua methali hakupata taabu kuisoma: jicho lilipoyaona maneno mawili ya mwanzo, kumbukumbu ilimaliza kazi. Lakini mtu asiyeijua aliweza kukwama. Maandishi ya namna hiyo yalikuwa ukumbusho kwa mwenyeji. Hayakuwa mlango kwa mgeni.

WAHENGA WALIVYOYATAZAMA MAANDISHI

Kwa kuwa waliishi na kalamu, wahenga walikuwa na maoni juu yake. Methali inayojulikana zaidi ni ile isemayo, *Mali bila daftari hupotea bila habari*. Tukiitazama kwa macho ya historia, twaona nyuma yake maisha ya miji ya biashara. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Zanzibar na pwani ya Mrima ilikwenda bara kutafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Bidhaa zake nyingi zilikopwa kwa matajiri wa mjini, na msafara uliweza kukaa bara mwaka mzima au zaidi kabla ya kurudi. Katika muda huo mtu aliweza kufa, kusahau, au kujisahaulisha. Daftari lilikuwa shahidi asiyekufa na asiyesahau. Basi methali hii yasifu maandishi, lakini tuangalie kwamba yayasifu kwa kuwa tabia ya binadamu haiaminiki. Kama watu wote wangekuwa wakweli na wenye kumbukumbu njema, daftari lingekuwa na kazi gani?

Methali ya pili ndiyo iliyotupa jina la makala haya: *Waraka ni nusu ya kuonana*. Wengine husema barua badala ya waraka, na Waarabu wanao usemi wa maana hiyo hiyo. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuisifu barua, kwamba humfariji aliye mbali. Lakini wahenga walipima kwa mizani. Hawakusema kwamba waraka ni sawa na kuonana. Walisema ni nusu. Nusu nyingine imebaki kwa mtu mwenyewe: uso wake, sauti yake, kunyamaza kwake. Pamoja na methali hii tuiweke nyingine, *Uso umeumbwa na haya*. Watu wawili wakionana ana kwa ana, haya humzuia mmoja asimvunjie mwenziwe heshima. Karatasi haina uso. Aandikaye peke yake chumbani aweza kusema asiloweza kulisema mbele ya mtu, liwe jema au liwe baya.

Methali ya tatu yahusu elimu kwa jumla: *Elimu bila amali ni kama nta bila asali*. Nta na asali hutoka katika sega moja, na mtu wa mbali asiyeonja aweza kuridhika na nta. Wahenga hapa wanamwonya msomi. Kujua yaliyoandikwa bila kuyatenda ni kubaki na sega kavu.

Tukiziweka methali hizi pamoja, twaona kwamba wahenga hawakuidharau kalamu wala hawakuiabudu. Kalamu huhifadhi, lakini haimfanyi mtu kuwa mwema, wala haimjui yule anayeishika.

Mfano mzuri wa kuzitumia nusu zote mbili ni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumwusia binti yake adabu, dini na mwenendo wa maisha. Mwanzoni mwa utendi huo humtaka binti aje akae karibu naye, na alete wino na karatasi. Tulifikirie jambo hilo. Mama na mwana wamo katika chumba kimoja. Kwa nini basi waraka? Kwa sababu mama anajua kwamba kuonana kwao kunakaribia kwisha. Anatumia mdomo kwa ajili ya siku ile, na kalamu kwa ajili ya siku zijazo. Kwa binti yule maandishi hayakuwa badala ya mama. Kila alipoyasoma alikuwa na sauti ya kuyakumbuka. Sisi tunaousoma utendi huo leo hatuna sauti ile. Tuna nusu yetu tu, na lazima tuifanyie kazi.

METHALI ZAKUSANYWA VITABUNI

Katikati ya karne ya kumi na tisa walifika watu waliotaka kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyejifunza Kiswahili cha Mombasa kwa undani, alichapisha mwaka 1891 kitabu chenye mamia ya methali za Waswahili. Lahaja ya kitabu hicho ni Kimvita, na mpaka leo watafiti hawawezi kukipita.

Herufi za Kirumi zina irabu tano, sawasawa na Kiswahili. Kwa hiyo jambo lililokuwa halijawezekana sasa liliwezekana: mtu asiyewahi kukanyaga Mombasa, asiyejua hata neno moja la maana yake, aliweza kuitamka methali akiwa London au Berlin. Mlango ulifunguliwa kwa mgeni. Faida yake ni kubwa, na sisi wa bara ni wa kwanza kunufaika nayo. Lakini mlango huo huo ulimruhusu mgeni aingie bila kumpitia mwenyeji.

Yafaa hapa tumkumbuke mtu ambaye jina lake halisikiki sana madarasani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa mwanachuoni wa Mombasa na mwenzake Taylor katika uchunguzi wa lugha. Mshairi mashuhuri Muyaka bin Haji alikuwa amefariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa yamebaki zaidi katika vinywa vya watu. Zaidi ya miaka arobaini baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka. Pamoja na mashairi yalihifadhiwa pia maelezo ya visa vyake: shairi hili lilitungwa kwa sababu gani, lile lilimjibu nani. Kwa ajili ya kazi hiyo Diwani ya Muyaka iliweza kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens. Bila visa vile mashairi mengi yangekuwa mafumbo matupu. Mwalimu Sikujua aliokoa nusu mbili kwa pamoja.

Methali hazikupata bahati hiyo kwa kiasi kile. Mikusanyo iliendelea kutoka. S. S. Farsi wa Zanzibar alichapisha wake mwaka 1958, Albert Scheven alitoa wake mkubwa sana mwaka 1981, na K. W. Wamitila alitoa Kamusi ya Methali mwaka 2001. Kazi hizi zastahili shukrani zetu, na nyingi zina maelezo ya maana. Lakini methali ni mali ya kila mtu. Haina mtungaji mmoja wala kisa kimoja kama shairi la Muyaka. Basi katika kitabu hupewa maana moja au mbili, ikapangwa katika safu pamoja na wenzake, mara nyingi kwa alfabeti.

Matokeo yake ni nini? Tuchukue mfano ulio mwepesi. Chini ya herufi H twasoma, *Haraka haraka haina baraka*. Chini ya herufi N twasoma, *Ngoja ngoja huumiza matumbo*. Mwanafunzi mwerevu huuliza: je, wahenga walikuwa wakijipinga? La, hasha. Barazani methali hizi mbili hazikukutana kwa namna hiyo. Mzee aliyemwona kijana akikimbilia kuoa kabla ya kujua tabia za wenyeji wake alitoa ile ya kwanza. Mzee yule yule, siku nyingine, alipomwona mtu akisitasita mpaka shamba limeota magugu, alitoa ile ya pili. Hekima haikuwa katika kuijua methali. Kila mtu aliijua. Hekima ilikuwa katika kujua ni ipi ya kumpa nani, na saa ngapi. Kitabu kimehifadhi maneno, lakini uamuzi ule hauna safu kitabuni.

MJA NA MUUNGWANA

Iko faida nyingine ya maandishi ambayo pengine hatuifikirii: huhifadhi hata yale ambayo watu wangependa kuyasahau. Tuchukue methali mashuhuri juu ya tabia: *Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo*. Siku hizi twaifundisha kwa kusema kwamba mtu mwema hutambuliwa kwa matendo wala si kwa maneno. Maana hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyobaki katika ufupisho tunaousikia kila siku, *Muungwana ni vitendo*.

Lakini methali nzima ina watu wawili ndani yake. Mja ni mtumishi au mtumwa, ingawa pia twasema mja wa Mungu kwa maana ya binadamu yeyote. Muungwana, katika miji ya pwani ya zamani, hakuwa kwanza mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana. Ikisomwa hivyo, methali hii yamsifu mtu huru na yamshusha mtumwa, kana kwamba domo ni desturi ya mmoja na matendo ni desturi ya mwingine. Iliyosemwa kuwa ni tabia ilikuwa pia daraja. Na historia yatuambia nani alikuwa akitenda: ni nani aliyelima mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na ni nani aliyebeba mizigo?

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo neno muungwana halikufa, bali lilibadilika. Lililokuwa jina la daraja likawa jina la mwenendo. Leo mtoto wa yeyote aweza kuwa muungwana, na mtoto wa yeyote aweza kukosa uungwana. Nani alifanya badiliko hilo? Hatulioni jina la mtu. Lilifanywa na watu katika kusema, wakiwemo wajukuu wa wale walioitwa waja. Nao walifanya hivyo kwa kuikata methali, wakaacha nusu inayoumiza na kushika nusu inayojenga.

Hapa twaona mdomo na kalamu vikifanya kazi mbili tofauti. Mdomo ulisahau, na kwa kusahau ukaponya. Kalamu ilikumbuka, na kwa kukumbuka ikatuachia ushahidi. Mwalimu asichague kimoja na kuacha kingine. Tukiwafundisha watoto ufupisho peke yake, tunawanyima historia. Tukiwafundisha methali nzima bila maelezo, tunawapa dharau ya zamani kama kwamba ni hekima.

NGUO ISEMAYO

Isidhaniwe kwamba kila methali iliyochapishwa hupoteza kisa chake. Upo mfano wa kinyume chake, nao ni kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa. Nguo hii ilianza kuenea pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, huhesabiwa miongoni mwa waliosambaza na kuiendeleza huko Mombasa. Katika karne ya ishirini kanga zilianza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi.

Maneno ya kanga huchapishwa kiwandani kwa maelfu, yote sawasawa. Lakini mwanamke anapochagua moja dukani, akaivaa siku fulani, akapita mbele ya mlango fulani, maneno hayo hupata tena msemaji, msemwa na saa yake. Mke aliyetendewa jambo na jirani hakuhitaji kufungua kinywa. Mama aliyempelekea binti kanga yenye neno la upendo alisema mengi kuliko karatasi. Tena, kwa kuwa neno limo katika nguo, mvaaji aweza kusema, "Mimi nimependa rangi tu." Haya ya uso imelindwa, na ujumbe umefika. Wanawake wa pwani, ambao wengi wao hawakuwa na nafasi katika vitabu vya methali ila kama watoaji wasiotajwa, walipata njia ya kuirudishia methali iliyoandikwa ile nusu iliyopotea.

KISWAHILI KILIVYOTUFIKIA

Tukirudi kwetu Uganda, twaona kwamba Kiswahili kilikuja kwa njia kadhaa, na si zote zilizobeba methali. Katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1856 hadi 1884, Kiswahili na Kiarabu vilitumika kwa mazungumzo na wageni na kwa mafundisho ya dini. Walioshika dini mpya, Waislamu na Wakristo, waliitwa *abasomi* kwa Kiganda, yaani wasomaji. Jina hilo latufundisha jambo: kwa watu wa wakati ule kusoma hakukuwa kazi ya macho tu, bali kulikuwa kushika mwenendo mpya wa maisha. Msomaji alitazamiwa awe mtu wa namna nyingine.

Baadaye Kiswahili kilienea kwa njia ya jeshi la King's African Rifles na ya polisi. Hapo kilikuwa lugha ya amri. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa zaidi nchini, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, akikitetea Kiganda. Kwa miaka mingi watu wa nchi yetu walikisikia Kiswahili kikitoka katika kinywa cha askari mlangoni. Lugha isikiwayo katika amri tu hudhaniwa kuwa haina adabu. Watu wakahukumu tabia ya lugha kwa tabia ya wale walioitumia juu yao.

Wala haikusaidia kwamba mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tusisahau pia kwamba Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha lugha, ilikuwa na makao yake Makerere tangu mwaka 1952 kabla ya kuhamia pwani na hatimaye kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam. Kwa hiyo sisi si wageni kabisa katika nyumba hii.

Lakini sheria haiondoi kumbukumbu. Mzazi aliyekisikia Kiswahili katika vitisho hatabadili moyo kwa sababu ya tangazo. Atabadili moyo siku mtoto wake atakaporudi nyumbani na neno la Kiswahili lililojaa heshima na busara, akalitumia mahali pake. Ndiyo sababu twasema kwamba somo la methali si pambo la mtaala. Katika nchi yetu ndilo linaloweza kuonyesha kwamba lugha hii ina wazee, ina haya, na ina uungwana.

KAZI YA MWALIMU

Basi mwalimu afanye nini ili mwanafunzi apate zaidi ya nusu? Twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi afundishwe kuuliza msemaji. Methali isiandikwe ubaoni peke yake. Iwekwe katika kinywa cha mtu: nani anasema, anamwambia nani, kwa sababu gani, na huyo mwingine ajibuje? Badala ya kuwaambia wanafunzi wakamilishe *Haraka haraka*, tuwape kisa cha watu wawili wanaogombana juu ya kuuza ng'ombe, mmoja akitaka kuuza leo na mwingine akitaka kungoja, na wanafunzi wachague methali ya kila mmoja. Hapo watajifunza kwamba methali ni hoja, wala si hukumu.

Pili, vitu vilivyomo ndani ya methali vionyeshwe. Methali isemayo *Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani* hukaririwa na wanafunzi ambao hawajawahi kuona jahazi. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni mahali pa chini ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika. Baharia huzunguka huku na huko, lakini mwisho wake lazima ashuke ngamani kufuta maji. Mtoto aliyepanda mtumbwi katika Ziwa Viktoria, akaona mtu akichota maji kwa kopo, ataelewa mara moja. Bahari yetu ni ziwa, nalo latosha.

Tatu, mwanafunzi aagizwe nyumbani. Mwalimu anapofundisha *Samaki mkunje angali mbichi*, amwambie kila mtoto akamwulize babu au bibi yake: kwa lugha yetu jambo hili husemwaje? Mtoto wa Kiganda atarudi na *Akakyama amamera tekagololekeka*, yaani kilichopinda kikiota hakinyosheki. Methali hizi mbili ni ndugu, ingawa si pacha. Ile ya Kiswahili humhimiza mlezi awahi; ile ya Kiganda humwonya aliyechelewa. Tofauti hiyo ndogo yatosha kwa mazungumzo ya kipindi kizima. Na hapo mtoto atakuwa ameisikia hekima katika sauti ya mtu anayempenda, ndipo alipoirudisha darasani kwa Kiswahili. Ile nusu ambayo kitabu hakikuweza kuileta kutoka Mombasa imepatikana nyumbani kwake.

HITIMISHO

Tumeona kwamba wahenga wa pwani waliijua kalamu na wakaipima. Walisema huhifadhi mali, walisema hukaribisha walio mbali, lakini hawakusema yatosha. Mwana Kupona alimwita binti pamoja na wino wake. Mwalimu Sikujua aliandika shairi pamoja na kisa chake. Wanawake wa kanga walivaa neno pamoja na sababu yake. Hao wote walikuwa walimu wa methali kabla yetu.

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, walinena wahenga, na hakuna kitabu kiwezacho kuumulika msitu huo peke yake. Vitabu tunavyo, na tuzidi kuvitunza, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wazee wetu wenye sauti na visa wanapungua kila mwaka, na kile ambacho hakikuulizwa leo hakitakuwa katika daftari lolote kesho. Basi kila mwalimu mwenye kalamu na amwendee mzee mmoja aliye karibu naye, aandike methali, na chini yake aandike pia ilisemwa na nani, kwa nani, na kwa nini.